Ukungu wa chumbani kwa mama umetugawanya, nami niko katikati

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwanamume mwenye familia. Tunaishi katika nyumba ya kupanga, nyumba ya chini yenye vyumba viwili vya kulala na sebule, na humo tumo watu wanne: mimi, mke wangu, mtoto wetu wa miaka 4, na mama yangu mzazi, aliyevuka miaka 70, ambaye tulimchukua akae nasi baada ya baba kufariki. Tatizo letu liko chumbani kwa mama.

Ukuta mmoja wa chumba hicho, ule unaopakana na nje, umeota ukungu. Juu, kwenye pembe inayokutana na dari na vilevile nyuma ya kabati la nguo, kuna madoa meusi yaliyotapakaa kama vitone vya wino. Chini, kuanzia sakafuni hadi kimo cha magoti hivi, rangi huvimba na kubanduka, na lipu hutoa unga mweupe ambao ukipanguswa hurudi. Mvua zinapoanza hali huwa mbaya zaidi, hasa huko chini. Chumba kina harufu ya uvundo, na nguo za mama zilizokaa kabatini kwa muda mrefu hutoka na harufu hiyo hiyo.

Nimekwisha kuupaka rangi ukuta huo mara kadhaa, na safari ya mwisho nilinunua rangi ya mafuta ambayo muuzaji alinihakikishia kwamba haipitishi maji. Kwa wiki chache ukuta ulipendeza, kisha madoa yakachomoza upya juu, na huko chini rangi ikatoka vipande vizima vizima.

Mke wangu anaamini kwamba chanzo ni mama, kwa sababu mama hafungui dirisha. Anaogopa baridi isimwingie kifuani, hivyo dirisha hufungwa usiku na mchana na pazia zito huteremshwa. Mama naye, bila kumtaja mtu, hutupa maneno kuhusu nguo ambazo mke wangu huzianika kwenye ujia ulio mbele ya mlango wake siku za mvua, na husema kwamba nyumba hii imegeuzwa kuwa kwa dobi. Mwenye nyumba nilipompigia simu alinijibu kwamba wapangaji waliotutangulia hawakuwahi kulalamika, na kwamba ukungu huletwa na namna watu wanavyoishi. Kila mmoja, kwa hiyo, ana mkosaji wake.

Kilichonisukuma kukuandikia ni mtoto. Tangu alipoacha kulala nasi amekuwa akilala na bibi yake, na wawili hao wamezoeana mno. Miezi ya karibuni amekuwa akikohoa usiku, na kifua chake hutoa mlio wa filimbi. Daktari alisema kwamba hizo ni dalili za pumu, akampa dawa ya kuvuta, kisha akauliza kama nyumbani kuna unyevu au ukungu. Mke wangu aliposikia swali hilo hakungoja jingine. Anataka mtoto atolewe chumbani humo mara moja, na amesema kwamba ukuta usiporekebishwa atamchukua wakakae kwa dada yake. Mama amelipokea jambo hilo kana kwamba ananyang'anywa mjukuu na kwamba yeye ndiye ugonjwa wenyewe. Ameanza kuzungumzia kurudi akaishi peke yake, jambo ambalo kwa umri wake siwezi kulikubali.

Jirani amenishauri nichanganye siki na dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, niusugulie ukuta, akidai kwamba hakuna ukungu unaostahimili mchanganyiko huo. Rafiki yangu kazini anasema ukungu mweusi ni sumu na kwamba lazima upelekwe maabara ukapimwe. Fedha za kuhamia nyumba nyingine kwa sasa hazipo, ingawa nikijibana naweza kuzipata baada ya muda. Je, nimwambie mama afungue dirisha, hali najua kwamba ataona nimeegemea upande wa mke wangu? Nimwambie mke wangu avumilie? Au tuhame, tumwachie mwenye nyumba ukuta wake?

Ni mimi,
Niliye Katikati

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu Uliye Katikati,

Nakushukuru kwa barua yako, na hasa kwa jinsi ulivyoueleza ukuta. Wengi wanaoniandikia kuhusu ugomvi wa nyumbani hunieleza nani alisema nini, wakasahau kunieleza hali ya kitu chenyewe kinachogombaniwa. Wewe umenipa vyote viwili, na kwa sababu hiyo nitathubutu kusema kwamba maelezo yako mwenyewe hayakubaliani kikamilifu na mashtaka yanayosikika nyumbani kwako.

Nikikuelewa vizuri, una mambo matatu yaliyofungwa fundo moja: mtoto anayekohoa, ukuta usiopona, na wanawake wawili unaowapenda ambao kila mmoja anahisi kwamba ameshtakiwa. Umeniuliza umwambie nani neno gani. Naomba swali hilo lisubiri kidogo, turudi kwanza ukutani.

Ukungu ni aina ya kuvu. Mbegu zake, ziitwazo spora, ni ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona, nazo zimo hewani karibu kila mahali, ndani na nje ya nyumba, hata katika nyumba inayofagiwa na kupigwa deki kila siku. Hakuna awezaye kuzimaliza. Chakula chake pia hakikosekani, kwa kuwa vumbi, rangi, mbao na karatasi huutosha. Kinachoamua kama spora zitaota au zitabaki zimelala ni maji peke yake, na kwa hiyo ugomvi wenu wote unaweza kupunguzwa hadi swali moja lisilo na jina la mtu ndani yake: maji ya ukuta huu yanatoka wapi?

Hapo ndipo barua yako iliponivutia, kwa sababu naona umeeleza maji ya aina mbili ukidhani ni ya aina moja.

Madoa meusi ya pembeni juu na nyuma ya kabati yanafanana sana na yale yanayoletwa na mvuke wa ndani. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi, karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 au 11 za Selsiasi zinazoongezeka. Hewa ya chumbani inapougusa ukuta wa nje uliopoa, hasa penye pembe na nyuma ya kabati ambako haizunguki, hupoa nayo, na mvuke ambao haiwezi tena kuubeba hubaki ukutani kama unyevu. Mvuke huo hutoka kwenye pumzi za watu wawili wanaolala humo dirisha likiwa limefungwa, hutoka bafuni na jikoni, na hutoka pia kwenye nguo mbichi zilizoanikwa mlangoni, kwa maana maji yote yanayokauka kwenye nguo huingia hewani mwa nyumba na lazima yatafute pa kwenda. Kwa ukungu wa juu, basi, mke wako ana hoja na mama yako naye ana hoja. Hoja hizo mbili hazipingani, ingawa zimekuwa zikisemwa kana kwamba moja ikishinda nyingine imekufa.

Ukungu wa chini ni habari nyingine. Unga mweupe unaorudi kila ukipanguswa kwa kawaida ni chumvi ambazo maji huziyeyusha yakiwa ndani ya udongo na ndani ya ukuta, kisha huziacha juu ya lipu yanapokauka. Mvuke wa chumbani haubebi chumvi. Ukichanganya dalili hiyo na rangi inayovimba, na kimo kisichopita magoti, na mvua zinazozidisha hali, mtu hulazimika kutazama nje: pengine udongo umelundikana hadi kupita usawa wa sakafu, pengine mfereji wa paa umetoboka na kumwaga maji kwenye msingi, pengine msingi wenyewe hauna tabaka la kuzuia unyevu au tabaka hilo limechakaa, au kuna bomba linalovuja chinichini. Katika hayo yote, hakuna hata moja linaloletwa na dirisha la mama wala kamba ya nguo ya mkeo. Dirisha hilo lingeweza kuachwa wazi mwaka mzima na unga mweupe bado ungerudi. Kauli ya mwenye nyumba kwamba ukungu huletwa na namna watu wanavyoishi inaweza kuwa na ukweli kwa nusu ya juu ya ukuta, lakini kwa nusu ya chini inahitaji maelezo zaidi kutoka kwake.

Haya nayasema nikiwa mbali, na ukuta wenu sijauona. Kuna njia rahisi ya kuuliza ukuta wenyewe. Kata vipande viwili vya nailoni nzito au karatasi ya alumini, kila kimoja cha upana wa nusu mita hivi, ufute ukuta hadi ukauke juu juu, kisha ubandike kimoja juu na kingine chini kwa utepe, ukiziba pande zote nne hewa isipite. Viache siku 1 au 2. Ukikuta unyevu upande wa nailoni unaotazama chumbani, maji yanatoka hewani. Ukiukuta upande wa nyuma, unaotazama ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ningependa siku ya kuvibandua mama na mkeo wawepo wote wawili. Mambo mengine husikika vizuri zaidi yakisemwa na kipande cha nailoni kuliko yakisemwa na mume au mwana. Ukiweza pia kupata kipimo cha unyevu wa hewa, haigromita, kiweke chumbani; kiwango kinachopendekezwa ndani ya nyumba ni chini ya asilimia 60, na kizuri zaidi ni kati ya asilimia 30 na 50. Mvua ikinyesha, chukua mwavuli utoke nje uangalie maji ya paa yanaangukia wapi.

Sasa nije kwa mtoto, na hapa sitazunguka. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, na ndani yake lilieleza kwamba wanaoishi katika majengo yenye unyevu au ukungu wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata dalili za njia ya hewa, maambukizi ya njia hiyo, na kuzidiwa na pumu. Shirika halikuweka kiwango ambacho chini yake ukungu uhesabiwe kuwa salama. Lilishauri unyevu uzuiwe na ukungu uondolewe. Hofu ya mkeo, kwa hiyo, si ya kubuni, na ningependa aisikie kauli hiyo ikitoka kinywani mwako kabla hajasikia neno lingine lolote. Ni kweli vilevile kwamba pumu ina vichochezi vingi, kama vumbi, moshi, wanyama na mafua, na hakuna awezaye kusema kwa hakika kwamba kikohozi cha mtoto kimetoka kwenye ukuta huu na si kwingineko. Daktari wenu aendelee kumfuatilia, na dawa ya kuvuta isiachwe kwa kudhani kwamba ukuta ukisafishwa basi pumu imekwisha.

Lakini niruhusu nikuulize jambo moja. Katika barua yako yote, mtoto anatakiwa atoke chumbani humo kwa ajili ya afya yake, wala hakuna mahali unaposema kwamba mama naye anapaswa kutoka. Mtu aliyevuka miaka 70 ana mapafu pia, na hewa anayovuta ni ile ile. Huenda usiku mama anapolala anajiuliza: ikiwa chumba hiki kinaua, kwa nini mimi naachwa humu? Sidhani kwamba wewe au mkeo mna nia hiyo hata kidogo. Nadhani tu kwamba hofu kuhusu mtoto ilikuwa kubwa kiasi cha kumfunika mzee, naye alipoachwa nje ya hesabu ya wanaolindwa alijiona ameingizwa kwenye hesabu ya wanaolaumiwa. Laiti ujumbe ungekuwa kwamba chumba ni kibovu na wote wawili watoke humo hadi kitengenezwe, je, mama angezungumza habari za kwenda kuishi peke yake? Wewe unamjua, mimi simjui, ila swali nakuachia.

Hilo likikubalika, zipo njia kadhaa, na kila moja ina gharama yake. Mnaweza kuwaachia mama na mtoto chumba chenu, ninyi mkalala sebuleni. Kwa mama itakuwa heshima kubwa na wawili hao hawatatenganishwa, lakini wanandoa wanaolala sebuleni hukosa faragha, na kazi ya ukuta ikichukua miezi, uvumilivu wa mkeo utapimwa mahali ambapo tayari umechoka. Mnaweza kumlaza mtoto chumbani kwenu na mama sebuleni. Ni rahisi kupanga, lakini kwa mzee sebule si mahali pa kupumzika, na utengano anaouogopa utakuwa umetokea. Mkeo anaweza kwenda kwa dada yake na mtoto kwa kipindi mlichokubaliana, na kama kikohozi kitapungua huko daktari atapenda kujua, ijapokuwa hilo peke yake halitathibitisha kitu. Hatari ya njia hii ni kwamba kuondoka kwa hasira na kuondoka kwa mpango huonekana sawa kwa anayebaki nyumbani, hivyo siku ya kurudi ni vyema itajwe kabla mizigo haijafungwa. Sitakuchagulia, maana ni wewe unayejua nyumba yenu inaweza kubeba lipi.

Kuhusu kuusafisha ukuta nitakuwa wa wazi zaidi, kwa kuwa hapo yapo mambo ambayo hayategemei maoni. Ushauri wa jirani yako, tafadhali, usiufuate. Klorini ikikutana na siki hutoa gesi ya sumu inayochoma macho na mapafu, na ikikutana na dawa za usafi zenye amonia hutoa gesi nyingine mbaya. Katika chumba kilichofungwa mtu anaweza kudhurika vibaya, tena mtu mwenye pumu ndiye wa kwanza. Wala klorini yenyewe si ya lazima. Inaweza kuupausha ukungu usionekane huku mabaki yake yangali ukutani, na ukungu uliokufa bado huweza kumsumbua mwenye mzio, kwa hiyo kuuondoa ndiko kunakohitajika, kuliko kuuua. Ukiamua kuitumia hata hivyo, isizidi kikombe 1, kama mililita 240, katika lita 4 za maji, dirisha likiwa wazi na watu wengine wakiwa mbali.

Madoa ya juu, kama yote kwa pamoja hayazidi eneo la mita 1 kwa mita 1 hivi, unaweza kuyasafisha mwenyewe kwa maji na sabuni ya kawaida. Yakizidi hapo, ni bora aitwe mtu mwenye ujuzi na vifaa. Mama asifanye kazi hiyo, na mtoto asiwepo. Toa matandiko na nguo, funga mlango wa ndani, fungua dirisha, vaa glavu, miwani inayoziba macho pande zote, na barakoa ya kuchuja vumbi laini ya aina ya N95. Usisugue ukungu ukiwa mkavu, kwa kuwa utarusha spora chumba kizima. Lowanisha kwanza, kisha usugue, ufute kwa kitambaa safi, na ukaushe ukuta siku hiyo hiyo. Vitambaa ulivyotumia vifunge ndani ya mfuko kabla ya kuvipitisha sebuleni. Dari ikiwa ya bodi ya jasi na imeoza kwa ndani, kuifuta hakutasaidia, sehemu hiyo itabidi ikatwe na kubadilishwa. Na nyumba ikiwa ya zamani sana, kumbuka kwamba rangi za zamani ziliweza kuwa na madini ya risasi, hivyo kuzikwangua na kutimua vumbi mahali anapoishi mtoto kunaleta hatari ya pili.

Rafiki yako wa kazini ana nia njema, lakini rangi nyeusi haitaji aina ya ukungu, kwani zipo aina nyingi zilizo nyeusi, na dawa ya zote ni ile ile: kuondoa ukungu na kukata maji. Fedha za maabara zitafaa zaidi kwenye mfereji wa paa.

Ukuta wa chini ndio utakaokuomba subira. Najua ulipaka rangi ya mafuta kwa nia ya kuwalinda mama na mtoto, lakini rangi isiyopitisha maji huyafungia ndani ya ukuta, na maji yaliyofungiwa ama huisukuma rangi hadi ibanduke, kama ulivyoona, ama hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Mpangilio unaofaa ni kukata kwanza chanzo cha maji huko nje, kisha kubandua lipu iliyojaa chumvi, kisha kuuacha ukuta ukauke, na rangi ije mwisho kabisa. Mafundi wengi hukadiria mwezi 1 wa kukauka kwa kila sentimita 2.5 za unene, kwa hiyo ukuta mnene unaweza kuhitaji miezi mingi, na ni vyema kila mtu nyumbani aambiwe hivyo mapema ili asidhani kwamba ameahidiwa wiki mbili. Lipu na rangi ya chokaa hufaa hapo, kwa sababu huruhusu ukuta kupumua na ukali wa chokaa hauupendezi ukungu.

Nirudi sasa kwenye swali lako la dirisha. Kumwambia mzee anayeogopa baridi afungue dirisha ni kumwomba aache kitu kinachompa usalama, na sioni haja ya kumwomba kiasi hicho. Dirisha linaweza kufunguliwa asubuhi, robo saa au nusu saa, wakati mama yuko bafuni au sebuleni, kisha likafungwa kabla hajarudi. Kabati lisogezwe sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani, au lihamishiwe kwenye ukuta wa ndani, na pazia zito likunjwe mchana. Mkeo naye anaweza kuanika nguo bafuni, mlango ukiwa umefungwa na dirisha likiwa wazi. Ila mjue pia kwamba siku ambayo hewa ya nje ina unyevu kuliko ya ndani, kufungua dirisha hakukaushi kitu, na siku hizo ndizo mke anapokosa pa kuanika; hapo feni na haigromita vitawasaidia kuliko kulaumiana. Ombi kwa mama na ombi kwa mkeo ningependa yatolewe katika kikao kimoja, kwa sauti moja, ili asiwepo aliyesikia la mwenzake kwa kuhadithiwa.

Mwenye nyumba mwandikie, usiishie kwenye simu. Eleza dalili za chini, weka picha zenye tarehe, picha ya maji ya paa wakati wa mvua na ya nailoni ulipoibandua, kisha umwombe aje au amtume fundi, ubaki na nakala. Lugha iwe ya adabu, isiyoshtaki, kwa sababu ukuta unaooza ni mali yake na hasara ni yake pia. Inawezekana akakasirika, akapandisha kodi au akawapa ilani ya kuhama, nawe unapaswa kulipima hilo kabla ya kuandika, ukisoma mkataba wako na kuuliza wajibu wa mwenye nyumba kisheria mahali unapoishi. Usisitishe kulipa kodi kwa kumshinikiza kabla hujapata ushauri wa mtu anayeijua sheria hiyo.

Kuhama nako ni njia halali, na kama mwenye nyumba atakataa kabisa kushughulikia msingi inaweza kuwa njia inayobaki. Ninachokuomba ni kutochukulia kwamba ni ya haraka kuliko nyingine, kwa kuwa fedha hazipo bado, na kukumbuka kwamba mazungumzo na mama na mkeo yatahitajika huko mwendako kama yanavyohitajika hapo. Ukianza kutazama nyumba nyingine, nenda baada ya mvua ikiwezekana. Omba makabati yasogezwe, fungua yale ya chini ya sinki, vuta harufu ya vyumba vilivyokuwa vimefungwa, angalia usawa wa udongo wa nje ukiulinganisha na sakafu, na ukikuta ukuta mmoja tu umepakwa rangi mpya huku mingine yote ikiwa na rangi ya zamani, uliza kwa nini kabla hujatoa fedha.